Mlango wa Maktaba Ukikataa Kufunguka

Wengi wetu tulio kidato cha sita mwaka huu twatumaini kuingia chuo kikuu, na ndugu zetu waliotutangulia wamo vyuoni sasa hivi au wamekwisha kutoka. Hapa shuleni maktaba ni chumba kimoja chenye makabati, na mlango wake hufungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni. Ukimkuta mwangalizi, waingia. Usipomkuta, warudi kesho. Jambo hili kila mtu alielewa. Lakini maktaba ya chuo kikuu siku hizi ina sehemu kubwa isiyowekwa katika makabati: majarida, vitabu na tasnifu zinazosomwa kwa kompyuta au kwa simu. Sehemu hiyo nayo ina mlango, tena ina kufuli, na mara nyingi mlango huo hukataa kufunguka hata kwa mtu mwenye haki ya kuingia. Katika makala hii nataka kueleza kwa nini hukataa, na mtu afanye nini unapokataa.

Mimi sikujifunza jambo hili kitabuni. Nililiona nyumbani kwetu, nalo lilitugharimu mbuzi mmoja na usingizi wa siku nyingi.

Likizo ya mwaka jana kaka yangu, ambaye naye alisoma katika shule hii, alikuja nyumbani kuandika ripoti ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Utafiti huo ulihusu ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao ulionekana hapa Uganda mwaka 2001 na kuharibu mashamba ya watu wengi. Mwalimu wake alimpa orodha ya makala sita, akamwambia kwamba asipozisoma hizo sura ya pili ya ripoti haitasimama. Siku za kupeleka ripoti zilibaki wiki tatu.

Kaka aliona kwamba ni kazi nyepesi. Alichukua simu yake, akaandika jina la makala ya kwanza katika Google, akaipata, akabonyeza. Ukurasa ukatokea wenye muhtasari wa mistari michache, na chini yake maneno kwamba mwenye kutaka kusoma zaidi alipe dola zaidi ya 30. Makala ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu pia. Baba alipoambiwa bei hiyo aliuliza, "Sasa ile ada niliyolipa ilikuwa ya nini?" Kaka hakuwa na jibu.

Baba akauza mbuzi mmoja ili kaka apate fedha ya bando na ya nauli kwenda senta. Huko senta palikuwa na kijana mwenye kibanda cha kompyuta, aliyejisifu kwamba ajua kufungua makala za vyuo. Alitaka malipo yake, jina la kaka la kuingilia mtandao wa chuo, na neno lake la siri. Kaka alikuwa amechoka, akampa vyote. Makala mbili zilifunguka kweli, na kaka akarudi nyumbani akicheka. Kulipokucha, akajaribu kuingia mwenyewe kutafuta ya tatu, akaambiwa kwamba akaunti yake imefungwa. Hata ukurasa wa matokeo yake ya mitihani ulimkatalia.

Hapo ndipo alipopiga simu katika maktaba ya chuo, jambo ambalo angelifanya tangu siku ya kwanza. Mama mmoja mkutubi aliipokea. Hakumgombeza. Alisema, "Tuanzie mwanzo, mwanangu," akamwuliza maswali manne. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kaka, nikayaandika nyuma ya daftari langu la Jiografia. Nitayaeleza moja moja, lakini kwanza yafaa tulijue kufuli lenyewe lilivyo.

Kufuli la maktaba

Chuo hakinunui majarida haya kama anavyonunua mtu kitabu dukani. Hulipa kila mwaka, na kwa malipo hayo hupewa ruhusa kwamba walimu na wanafunzi wake wasome. Sasa mwenye jarida, ambaye huenda yuko Uingereza au Uholanzi, atamjuaje mwanafunzi wa chuo hicho? Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya namba. Kila chombo kinachotumia intaneti huonekana huko nje kwa namba, nayo huitwa anwani ya IP. Chuo humwambia mwenye jarida, "Namba zetu zaanzia hapa na kuishia hapa." Basi kila ombi litokalo katika namba hizo hufunguliwa bila kuulizwa neno. Ni kama askari wa lango atazamaye sare tu, bila kutazama uso. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeketi ndani ya chuo, akitumia intaneti ya chuo, husoma bila taabu na wala hajui kwamba kuna kufuli.

Njia ya pili ni ya mjumbe. Mwanafunzi akienda nyumbani, hutokea kwa namba ya kampuni ya simu, na kwa askari wa lango yeye ni mgeni kama wageni wengine. Ili kuondoa shida hii, mwaka 1999 Bwana Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja huko Arizona, Marekani, alitoa programu aliyoiita EZproxy. Mwaka 2008 ilinunuliwa na shirika la OCLC, na maktaba nyingi duniani huitumia; nyingine hutumia programu za namna hiyo hiyo. Kazi yake ni hii: wewe waingia kwanza katika ukurasa wa maktaba na kutoa jina lako na neno la siri. Ukikubaliwa, kompyuta ya chuo, ambayo ni seva ya proksi, yaenda yenyewe kwa mwenye jarida, yachukua ukurasa unaoutaka na kukuletea. Mwenye jarida haoni simu yako; aona namba ya chuo.

Njia ya tatu ni ya kudhaminiwa. Katika ukurasa wa jarida lenyewe wakuta mahali pa kuchagua jina la chuo chako. Ukilichagua, wapelekwa katika ukurasa wa chuo, watoa neno la siri huko, kisha chuo chamhakikishia mwenye jarida kwamba wewe ni mtu wake. Majina ya Shibboleth na OpenAthens, ambayo utayaona katika kurasa hizo, ni ya mipango ya namna hii.

Ukizishika njia hizi tatu, maswali ya yule mama hayatakuwa magumu.

Swali la kwanza: Uko wapi?

Kaka alijibu, "Niko nyumbani, Mama." Mkutubi akasema, "Sikuulizi kijiji. Nauliza, watumia intaneti ya nani?" Maana mahali pa miguu si mahali pa intaneti. Mwanafunzi aweza kuketi katika bweni la chuo, lakini kama simu yake yatumia bando la kampuni ya simu, basi kwa mwenye jarida yuko nje ya chuo sawasawa na aliye kijijini. Wengi hudanganyika hapo. Husema, "Niko ndani ya ua, mbona nakataliwa?" Dawa ni kuunga simu na mtandao wa chuo, au kupita mlango wa mjumbe kama watu walio nyumbani.

Kadhalika vyuo vingi vina mtandao uitwao eduroam, ambao wazo lake lilianza Uholanzi mwaka 2002. Mwanafunzi wa chuo kimoja akitembelea chuo kingine chenye eduroam, simu yake hupata intaneti kwa jina na neno la siri la kwao. Ni msaada mkubwa, lakini ajue kwamba hapo hutokea kwa namba ya chuo alichotembelea. Akitaka majarida ya chuo chake, lazima apite mlango wa maktaba yake.

Kisha mkutubi akauliza, "Je, VPN imewashwa?" Sisi Waganda swali hili latuhusu sana. VPN ni programu inayopitisha intaneti yako katika njia ya siri mpaka kompyuta ya mahali pengine, mara nyingi ng'ambo, ndipo itoke nje. Tarehe 1 Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya namna hiyo, na watu wengi wakaweka VPN katika simu zao ili wasiilipe. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, lakini Januari ya mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, Facebook ilikuwa imefungwa, na VPN zikatumika tena. Mtu huiwasha, kisha husahau. Kaka alitazama simu yake akakuta imewashwa, na kwamba yeye aonekana yuko Uholanzi. Mwenye VPN ya namna hii, hata akitumia intaneti ya chuo, hutokea kwa namba isiyo ya chuo. Tena mitambo mingine ya vyuo hushuku mtu ambaye jana aliingia kutoka Kampala na leo aingia kutoka Ulaya, nayo humzuia. Basi kabla ya kulaumu maktaba, zima VPN. Lakini chuo chenyewe kikikupa VPN yake, hiyo ni kinyume: ndiyo yakupasa kuiwasha, kwa kuwa hukupa namba ya chuo.

Swali la pili: Umeingia kwa mlango gani?

Kaka alikuwa ameingia kwa Google moja kwa moja. Google ilimpeleka mpaka kwa mwenye jarida, naye mwenye jarida hakumjua, akamtaka alipe. Hapakuwa na ubaya wowote katika akaunti yake wala katika ada ya baba. Alipita dirishani badala ya mlangoni. Yule kijana wa kibanda, kama tulivyokuja kujua, hakuwa na ufundi wa ajabu. Alifungua ukurasa wa maktaba ya chuo, akaandika jina na neno la siri la kaka, akatafuta makala humo. Kaka alilipa fedha za mbuzi ili mtu mwingine apite katika mlango wake mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni hii: anzia katika ukurasa wa maktaba ya chuo chako, ingia kwanza, kisha tafuta. Ukipenda Google Scholar, mna mahali katika mipangilio yake pa kuandika jina la maktaba yako. Na ikiwa chuo kimejiandikisha huko, kando ya makala zilizomo utaona kiungo cha kukupitisha mlangoni.

Kosa jingine la mlango ni kuweka alama mahali pasipofaa. Mtu huingia vizuri, hufungua makala, kisha hunakili anwani iliyo juu ya ukurasa na kuihifadhi au kumpelekea rafiki. Anwani nyingine zimetengenezwa kwa mazungumzo yale tu. Baada ya saa chache hufa, na kesho yake hukwambia kwamba muda umekwisha. Tafuta maneno ya kiungo cha kudumu, au chukua namba ya DOI. Namba hiyo huanza na 10 na nukta, na ni kama namba ya usajili ya makala: hata jarida likihamishwa kwa mchapishaji mwingine, yatakiwa ikufikishe kwenye makala ile ile. Shirika la Crossref, lililoanzishwa mwaka 2000, ndilo huandikisha nyingi za namba hizi kwa wachapishaji. Lakini kumbuka kwamba DOI hukuonyesha nyumba ilipo, haikupi ufunguo. Ukiwa nje ya chuo, chukua DOI ukaiandike katika kisanduku cha kutafutia cha maktaba yako.

Swali la tatu: Imekuandikia nini?

Kaka alijibu, "Imekataa tu." Mama akasema, "Mgonjwa hamwambii daktari kwamba anaumwa tu. Nisomee maneno yenyewe." Hili ndilo jambo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu maneno ya kukataliwa hayafanani, na kila neno laonyesha kosa lake.

Ukiambiwa kwamba jina au neno la siri si sahihi, kosa liko katika mlango wa chuo, na mwenye jarida hajahusika bado. Andika tena polepole. Tazama kama simu imeandika herufi kubwa mwanzoni bila wewe kutaka. Ukiwa na hakika, omba neno la siri jipya. Usijaribu mara kumi, kwa maana mitambo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio machache.

Ukiambiwa ulipe, au umepata muhtasari peke yake, maana yake ni moja kati ya mbili: ama mwenye jarida hajui kwamba wewe ni wa chuo, ama chuo hakikulipia jarida hilo.

Ukiona namba 403, umekatazwa: mlango upo, nawe huruhusiwi kuupita. Ukiona 404, ukurasa haupo mahali hapo. Huenda kiungo ni cha zamani. Ukiona 503, seva imelemewa au imesimamishwa kwa matengenezo. Subiri, kisha jaribu tena.

Ukiambiwa kwamba kitabu kinatumiwa na wengine, usishangae. Vitabu vingine vya kompyuta hununuliwa kwa ruhusa ya msomaji mmoja au watatu kwa wakati mmoja, kana kwamba ni nakala za karatasi. Jaribu alfajiri. Na wewe ukimaliza kusoma, funga kitabu vizuri, usimnyime mwenzako.

Ukiambiwa kwamba uhusiano si salama au cheti kimepita muda wake, tazama kwanza tarehe na saa ya simu yako. Simu iliyozimika siku nyingi aghalabu hupoteza tarehe, na kurasa za siri hukataa simu idhaniayo kwamba huu ni mwaka mwingine.

Ukiona ukurasa mweupe, au waingia kisha warudishwa pale pale pa kuingilia, mara nyingi taabu iko katika programu ya kusomea kurasa, yaani kivinjari. Kivinjari huweka vitu vidogo viitwavyo vidakuzi, ambavyo hukumbusha ukurasa kwamba wewe umekwisha kuingia. Vikizuiwa, kila hatua ukurasa hukusahau. Vikiwa vya zamani, huuchanganya. Fungua dirisha la faragha ujaribu humo, au tumia kivinjari kingine. Ikifaa, futa vidakuzi na kumbukumbu za kivinjari cha kwanza. Na kama PDF haitokei, tazama kama kivinjari kimezuia dirisha jipya lisifunguke.

Swali la nne: Je, nyingine yafunguka?

Swali hili ni la kupima, na laweza kukuonyesha penye kosa kwa dakika tano. Jaribu makala nyingine katika jarida lile lile. Ikifunguka, basi wewe huna kosa na mlango hauna kosa. Kasoro ni ya makala ile au ya mwaka ule. Yasipofunguka yote ya jarida hilo, jaribu jarida jingine la mchapishaji mwingine. Hilo likifunguka, kosa ni la jarida la kwanza, au malipo yake hayakufanywa upya. Majarida yote yakikataa, mwulize mwenzako ajaribu kwa akaunti yake mwenyewe. Yeye akifaulu, kosa liko katika akaunti yako au simu yako. Jaribu kompyuta nyingine, utajua ni lipi kati ya hayo mawili. Naye akishindwa, kosa ni la maktaba nzima, na ni wajibu wenu kutoa habari upesi.

Juu ya miaka, kuna jambo la kujua. Chuo chaweza kuwa na jarida tangu mwaka fulani tu. Tena ipo mikusanyo isiyotoa makala mpya. JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa wazo la Bwana William Bowen ili kuhifadhi majarida ya zamani, huweka kwa majarida mengi ukuta unaosogea, mara nyingi wa miaka 3 mpaka 5: makala za hivi karibuni hazimo, na kila mwaka ukuta husogea mbele. Mwanafunzi asiyejua hili hudhani amenyimwa.

Habari ya neno la siri

Baada ya maswali hayo kaka aliungama habari ya kibanda. Mkutubi alinyamaza kidogo, kisha akamweleza kwamba usiku ule akaunti yake ilitumiwa kupakua mamia ya makala mfululizo. Mtambo uliona kwamba mtu hawezi kusoma namna hiyo, ukafunga akaunti. Kijana yule, bila shaka, alikuwa akijiwekea akiba ya kuuzia wengine.

Hatari hapa si ya mtu mmoja. Mwenye jarida huona namba ya chuo tu, hivyo akikasirika aweza kukifunga chuo kizima. Jambo hili limewahi kutokea hata katika vyuo vikubwa. Mwaka 2010, katika chuo cha MIT huko Marekani, kijana hodari wa kompyuta aliyeitwa Aaron Swartz alipakua mamilioni ya makala za JSTOR kwa kutumia mtandao wa chuo. Mwezi wa Oktoba JSTOR ilifunga chuo chote kwa siku kadhaa, na watu ambao hawakuwa na habari yoyote wakakosa masomo yao. Swartz alikamatwa Januari 2011 na kushtakiwa, akajiua Januari 2013 kabla ya kesi kusikizwa. Watu wangali wakibishana kama sheria ilimwonea, kwa maana yeye hakutaka kuuza kitu. Aliamini kwamba elimu iwe wazi kwa wote. Lakini habari hii yatuonyesha jinsi akaunti au waya mmoja uwezavyo kuwafungia mlango watu maelfu. Wewe utoapo neno lako la siri, wampa mtu ufunguo usio wako peke yako.

Kama chuo hakina jarida hilo

Wakati akaunti ya kaka ilipokuwa imefungwa, mkutubi alimwomba amsomee orodha ya makala nne zilizobaki. Akazitafuta palepale, akasema, "Hizi mbili ni za bure, mwanangu. Zilikuwa wazi siku zote." Kaka alishika kichwa. Hakuwa amefika kwenye namba hizo katika orodha. Alikwama kwenye tatu za kwanza, akadhani zote ni za kulipiwa.

Basi tusisahau njia za halali zisizo na malipo. Siku hizi makala nyingi hutolewa wazi. DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ni orodha ya majarida yaliyo wazi kwa kila mtu. PubMed Central, iliyofunguliwa na Marekani mwaka 2000, ina makala nyingi za tiba na viumbe. Mara nyingi pia mwandishi huweka nakala yake katika hazina ya chuo chake. Katika Google Scholar utaiona ukibonyeza maneno ya kuonyesha nakala zote. Tena upo mpango wa Research4Life, ulioanza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambao huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo. Mpango huo huingiwa kwa jina la taasisi, basi muulize mkutubi kama chuo chako kimo.

Na njia ya mwisho ni barua. Makala moja katika orodha ya kaka chuo hakikuwa nayo kabisa. Alimwandikia mwandishi wake kwa baruapepe mistari minne ya adabu, akaeleza yeye ni nani na aandika nini. Baada ya siku mbili akapelekewa makala, pamoja na neno la kumtakia heri. Watu wanaoandika makala hizo hufurahi kusomwa, nao hawapati sehemu ya zile dola 30.

Namna ya kumwandikia mkutubi

Ukishindwa na yote, andika barua fupi yenye mambo haya: jina lako na namba yako ya chuo, lakini usiandike neno la siri kamwe, jina la makala, la jarida na namba ya DOI, siku na saa uliyojaribu, intaneti ya nani, simu au kompyuta gani na kivinjari gani, na maneno kamili uliyoandikiwa, au picha ya kioo cha simu. Mwisho eleza yale uliyokwisha kujaribu. Barua ya namna hii hujibiwa upesi, kwa maana mkutubi hana haja ya kukuuliza tena. Pengine kosa si lako hata kidogo: huenda mchapishaji amehamisha kurasa zake, na proksi ya chuo haijaambiwa anwani mpya. Hilo hurekebishwa na maktaba peke yake, nayo haitajua mpaka mtu aseme.

Akaunti ya kaka ilifunguliwa baada ya siku tisa, naye akaandika barua ya kuomba radhi. Siku hiyo alijaribu makala ya sita, ikakataa. Mimi nilimletea daftari langu, tukauliza swali la kwanza, na kumbe VPN ilikuwa imewashwa tena. Tuliizima, tukapita mlango wa maktaba, ikafunguka. Ripoti aliipeleka siku ya mwisho yenyewe, saa chache kabla ya muda kwisha, nayo ikapokewa. Alipata alama nzuri, ingawa yeye mwenyewe husema kwamba zingalikuwa nzuri zaidi kama asingalipoteza wiki ile.

Baba alipoelezwa habari yote aliuliza jambo moja tu: ile simu ya kwenda kwa mkutubi iligharimu kiasi gani. Kaka akamtajia, shilingi chache za dakika kumi na tano. Baba hakusema neno, akaenda kutazama mbuzi wake waliobaki.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Ninyi mlio vyuoni, waelezeni wadogo wenu mambo haya kabla hawajafika huko. Nasi tutakaofika, tumtafute mkutubi katika juma la kwanza, wakati bado hatuna haja naye.